Kompyuta Iliyosomewa Yasini

Thoya alikuwa na kawaida moja iliyowaudhi wateja wake wa Msambweni: hakugusa kitu kabla ya kuuliza. Ukimpelekea simu iliyokufa, alikutazama wewe kwanza, kisha simu, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto mchanga aliyelala, "Haya. Nieleze. Mara ya mwisho ilipokuwa nzima, ilikuwa wapi?"

Wako waliomwambia kwamba wao wameleta simu, hawakuja kutoa ushahidi. Yeye alitabasamu tu, akangoja. Na kwa kuwa simu nyingi zilitoka kwake zikiwa hai, watu wakamzoea.

Ufundi wenyewe hakuusomea popote. Alitoka kwao Taru akiwa kijana mwenye mikono mizuri ya kupanda maua, akapata kazi ya bustani katika hoteli moja ya Diani. Siku hoteli ilipotupa kompyuta kumi na mbili mbovu nyuma ya stoo, aliziomba, akazifungua moja baada ya moja, na kila alichokiona akakiandika katika daftari la mistari. Saba zilifufuka. "Zile tano zilizokataa," husema hadi leo, "ndizo zilizonifundisha."

Jumamosi moja alikuwa ameinamia spika ya redio, adhuhuri haijaadhiniwa, pikipiki iliposimama mbele ya kibanda chake kwa breki za kutisha kuku. Aliyeshuka ni Mercy, msusi kutoka bara mwenye saluni nyuma ya soko, aproni yake bado ina nywele za mteja.

"Fundi! Beba kila kitu, twende! Mwanasha ana mtihani saa nane na kompyuta imekataa mtandao!"

"Ilikataa lini?"

"Leo! Sijui! Aki, Thoya, panda, utauliza njiani!"

Thoya alipanga bisibisi zake mfukoni, akachukua daftari, akafunga kibanda kwa kufuli mbili, akajaribu kila kufuli kama imeshika. Mercy alikuwa anarukaruka kama amekanyaga siafu.

Njiani Mercy, akiendesha, alimpigia kelele kupitia begani, upepo ukimpora nusu ya maneno. Hata hivyo Thoya alielewa. Mwanasha, jirani yake, alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya chekechea kwa miaka kumi na mmoja. Watoto aliowafundisha kushika penseli walikuwa sasa wanaanza kuota ndevu, naye bado aliitwa msaidizi kwa kuwa hakuwa na cheti. Miaka miwili alikuwa akisoma kwa njia ya mtandao katika chuo kimoja cha Nairobi. Mwaka jana, siku ya mtihani wa mwisho, umeme ulipotea mtaa mzima dakika ishirini kabla ya kuanza. Chuo kilimpa nafasi ya pili, na ya pili ndiyo ya mwisho. Akiikosa, anarudi mwanzo wa kozi.

"Na mlango wa mtihani unafungwa saa nane na robo!" Mercy alipaza. "Robo kamili! Baada ya hapo hata ukilia machozi ya damu!"

"Si anaweza kuufanyia kwenye simu?"

"Wanataka ile ile kompyuta waliyoisajili! Kuna programu ndani inamwangalia macho!"

Nyumba ilinukia pilau na udi. Kibarazani palikuwa na sinia zilizooshwa zikianikwa juani, na ndani, kwenye meza iliyosukumwa dirishani, Mwanasha alikuwa ameketi wima. Alivaa gauni lake la Idi na mtandio uliopigwa pasi, kana kwamba mtihani ni mgeni atakayebisha hodi. Mbele yake kompyuta ndogo iliyovishwa leso ilikuwa wazi, na yeye aliitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyegoma kula.

"Karibu, kaka Thoya. Samahani kwa kukukimbiza."

"Usijali, mwalimu."

Alipoitwa mwalimu, macho yake yalilegea kidogo. Thoya alivuta kigoda, akafungua daftari juu ya goti.

"Mara ya mwisho ilipokuwa na mtandao ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilisali alfajiri, nikakaa nayo kufanya maswali ya mazoezi hadi saa moja na nusu. Ilikuwa nzuri kabisa, haikunikatikia hata mara moja."

"Halafu?"

"Halafu nikaifunga. Nimekuja kuifungua saa tano na nusu, ndiyo hivi unavyoiona."

"Katikati hapo nani aliigusa?"

"Hakuna. Hakuna aliyeigusa."

Thoya aliandika: *1:30 nzima. 5:30 haina. Katikati, hakuna aliyegusa.* Pembeni ya mstari wa mwisho akaweka alama ndogo ya kuuliza. Si kwamba hakumwamini. Ila miaka yake na vitu vilivyoharibika ilimfundisha kwamba watu wengi husema uwongo bila wao wenyewe kuujua.

Kisha akaanza. Kwanza aliitoa simu yake, akaomba neno la siri la waifai ya nyumba. Simu iliunganika mara moja, picha zikashuka kama maji. Basi kisanduku cha waifai pale ukutani kilikuwa kizima, na mtandao ulikuwa umejaa chumbani.

Akaitazama kompyuta. Orodha ya mitandao ilikuwa tupu. Haukuwepo wa nyumba, wala wa jirani, wala ule uitwao Saluni ya Mercy, ambao simu ya Thoya iliuona hata bila kuutafuta.

"Haikatai kuunganishwa," alisema polepole. "Haisikii. Ni kama mtu aliyezibwa masikio."

"Aliyezibwa, au aliyekuwa kiziwi?" Mwanasha aliuliza.

Thoya alimtazama kwa heshima. "Hilo ndilo swali lenyewe, mwalimu."

Ndani ya kompyuta mna kadi ndogo inayosikiliza mtandao. Ikiwa imekufa, hakuna dua wala bisibisi itakayoisaidia kabla ya saa nane. Thoya alifungua orodha ya viungo vya kompyuta, akaikuta kadi ipo, jina lake limeandikwa, na chini yake maelezo kwamba inafanya kazi vizuri. Akaizima, akaiwasha. Kimya. Akaizima kompyuta yote, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Kimya. Akaiondoa programu inayoiendesha kadi ile, akaacha kompyuta iipange upya yenyewe. Ilijizungusha, ikafikiri, ikawaka. Kimya vile vile.

"Saa saba na dakika kumi," Mercy alitangaza kutoka mlangoni. Hakuna aliyemuuliza.

Katika mipangilio mlikuwa na kitufe cha kuwasha waifai. Thoya alikibonyeza kikahamia upande wa kuwaka. Alipoondoa kidole, kikarudi chenyewe. Akakibonyeza tena. Kikarudi tena, taratibu, bila ubishi, kama mlango unaosukumwa na mtu wa upande wa pili. Aliandika: *Kinarudi chenyewe. Nani anakirudisha?*

"Kuna njia nyingine," alisema. "Tutaiazima kompyuta mtandao wa simu yangu kwa waya. Tutaipita hiyo kadi."

Tundu la kwanza la waya lilikuwa limeliwa na chumvi. Pwani hii chumvi haisamehi kitu. Hula bawaba za milango, hula na kompyuta. Tundu la pili lilikuwa zima. Thoya alichomeka waya wake, simu ikaanza kuchaji kwa furaha, na hakuna kingine kilichotokea. Akajaribu waya wa Mwanasha. Akajaribu wa Mercy, ule wa waridi. Zote tatu zilikuwa zile za kupitisha moto peke yake.

"Zinapeleka chakula," alisema, "hazipeleki barua. Kibandani ninao mmoja mzuri, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Na kile kidude cha kuchomeka kinachosikiliza waifai..." Akakumbuka. Kidude cha kuchomeka kilikuwa kisiwani Chale, kwa mpishi mmoja aliyekiazima Jumatatu.

"Naenda!" Mercy alikwisha kupokea funguo. "Na dukani pia nitachukua! Nitachukua zote!" Wakasikia pikipiki ikinguruma.

Ilikuwa saa saba na nusu. Mwanasha alikuwa amekunja mikono mapajani, kidole gumba kimoja kikisugua kingine. Hakulalamika. Alisema tu, akitazama dirishani, "Mwaka jana nilikaa hapa hapa, na mshumaa. Ati nikingoja umeme." Akacheka kidogo, cheko la kujikinga. "Watoto Jumatatu wakaniuliza, mwalimu umefaulu? Nikawaambia mwalimu bado yuwasoma, kama nyinyi."

Thoya alirudi kwenye daftari lake, akasoma tangu juu, kidole kikifuata mistari, mpaka kikafika kwenye ile alama ya kuuliza. Hapo kikasimama. Aliona kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza vibaya. Aliuliza nani aliigusa. Kawaida yake ni kuuliza kitu kilikuwa wapi.

"Mwalimu. Kati ya saa moja na nusu na saa tano na nusu, kompyuta hii ilikuwa wapi?"

Mwanasha aligeuka. Kwa mara ya kwanza siku ile aliona haya.

"Ilikuwa... kwenye kisomo."

"Kisomo gani?"

"Cha mtihani. Mama ameniandalia kisomo asubuhi. Akaita majirani na kina mama wa madrasa, wakasoma Yasini, wakaniombea dua nifaulu. Nami mwenyewe nikakalishwa katikati ya mkeka." Akaishusha sauti. "Na kompyuta ikawekwa kando yangu."

"Nayo ilisomewa?"

"Ilisomewa. Mama alisema, mtu akisafiri huombewa yeye na gari lake."

Thoya alijitahidi. Aliinamisha uso, akauma mdomo, lakini mabega yakamsaliti, na Mwanasha alipoyaona yakitikisika, kicheko alichokuwa amekizuia tangu saa tano na nusu kikamtoka chote. Walicheka mpaka Mwanasha akapangusa macho kwa pembe ya mtandio wake wa pasi.

"Na mama yuko wapi sasa?" Thoya aliuliza alipopata pumzi.

"Anarudisha masufuria ya watu. Tuliazima nyumba nne."

"Naomba aitwe. Si kwa lawama. Nataka kumuuliza tu."

Mwanasha alitoa kichwa dirishani, akaita kwa sauti inayovuka uwanja wa shule. Kutoka nyumba ya tatu akaitikiwa. Muda si mrefu Bi Mejumaa akaingia, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, leso mbili mwilini, sufuria moja iliyobaki kiunoni kama mtoto wa kubebwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe fundi? Yule Mduruma wa Taru?"

"Ndimi, mama."

"Umekula?"

"Bado, lakini..."

"Yuwaona!" Bi Mejumaa alimgeukia binti yake. "Tangu adhuhuri mtu yuko nyumbani mwangu, pilau liko, hajapewa hata kijiko! Mtu mwenye njaa ataona nini ndani ya kompyuta? Na hawa Waduruma wamezoea maziwa tangu alfajiri, sasa utamwangusha hapa tuulizwe na kwao."

"Mama, ni saa nane kasoro dakika kumi!"

"Na njaa haina saa?"

"Mama," Thoya alisema kwa upole wake ule ule, "nitakula sahani mbili, naahidi. Lakini kwanza nisaidie jambo moja. Asubuhi kompyuta ilipokuwa mkekani, ilifanyiwa nini?"

Bi Mejumaa aliweka sufuria chini, akahesabu kwa vidole. "Ilifukizwa udi, huku na huku. Ikasomewa. Ikarushiwa marashi..."

"Marashi!" Mwanasha alisimama.

"Matone matatu! Na juu ya kitambaa, si ndani. Kwani mimi mjinga?"

"Na kabla ya udi, mama?" Thoya aliuliza.

"Kabla ya udi? Kabla ya udi nilizima minara."

Sinia moja kibarazani ikalia kwa joto la jua.

"Minara gani, mama?"

"Ya simu, mwanangu. Yuwajua mambo ya watu. Kwenye maulidi ya juzi, tumefika kwenye kisimamo, watu wima, machozi yanawatoka, mara simu ya mtu mkobani ikapiga chakacha. Chakacha, ngoma ya viuno! Nikasema kwangu haitokei. Leo nimewapokea mlangoni na sinia, kila mmoja aweke simu yake, nami nazima mnara wa kila moja kwa mkono wangu. Sijui kusoma Kizungu, lakini kile kipicha cha mnara nakijua. Nikamaliza za watu, nikaja kwa hii." Akaionyesha kompyuta kwa kidevu. "Nayo si hupiga kelele barua zake zikiingia? Nikaizima mnara, ikakaa kwa adabu. Haikusema neno hadi tamati."

"Uliizima *wapi*?" Mwanasha alisema kwa sauti nyembamba.

"Pale palipoonyeshwa na yule kijana aliyetuuzia Ukunda! Wewe ulikuwa umeinama wajaribu herufi, mimi nikamuuliza, hiki kidude cha hapa mbele ni cha nini? Akaniambia, mama, hiki ni cha mnara, ukikisukuma huku inanyamaza. Ndiyo sababu nilipoishonea nguo nikaifunika mbele yote, watoto wasije wakachezea."

Thoya aliitazama ile nguo. Alikuwa ameiona tangu alipoingia. Nusu ya chini ya kompyuta ilivishwa kitambaa cha leso, kimekazwa kwa uzi wa mkono, kimeachwa wazi kwenye matundu ya ubavuni na kwenye herufi tu. Nyumba nyingi za hapa huvisha redio, huvisha friji, huvisha televisheni, ili chumvi na vumbi visiingie. Mbele kabisa, mahali pa kupumzishia viganja, yalipita maneno ya leso yenyewe: DUA YA MAMA HAIPOTEI NJIA. Alikuwa amefikiria kuomba nguo hiyo ivuliwe. Sheria ya kwanza ya daftari lake, aliyoiandika mwaka wa kompyuta kumi na mbili, ilisema: *Anza nje, ndipo uingie ndani.* Lakini aliona mshono ule wa subira, mahali ambapo mama mtu alirudia mara mbili ili usifumuke, akaona si adabu kuukata, akaingia ndani moja kwa moja.

"Mama," alisema, "hebu iwashe."

Bi Mejumaa hakuhitaji kutazama. Alipitisha kidole gumba juu ya kitambaa, kwenye ukingo wa mbele, chini ya neno MAMA, akapapasa kama anayetafuta punje ya mchele kwenye ungo, akasukuma.

Kitu kikalia *tik*.

Chini ya maua ya leso kijitaa kilichokuwa cha manjano kikageuka kuwa cha buluu. Kwenye kioo ile orodha tupu ikashtuka, ikatoa jina moja, majina mawili, matano. Saluni ya Mercy ilikuwa ya kwanza, juu kabisa, kama kawaida yake.

Mwanasha alipiga ukelele, akamkumbatia mama yake, akamwachia, akaketi, akasimama, akaketi tena. Bi Mejumaa akawatazama mmoja baada ya mwingine, na polepole uso wake ukabadilika.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Ewe Mola. Mimi ndiye niliyemzibia mwanangu njia, na mkononi nina tasbihi."

"La, mama," Thoya alisema. "Wewe ulifanya ulichokusudia, na ukakifanya sawasawa. Aliyekosea ni mimi. Nilianza ndani."

"Nyinyi mtalaumiana baadaye!" Mwanasha alipaza, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia. "Saa nane na dakika nne! Tokeni nje! Programu inataka chumba kitupu!"

Walitoka. Kibarazani Thoya alisimama akiitazama saa yake, na Bi Mejumaa akasimama akimtazama Thoya. Nane na dakika saba. Programu ya chuo, Mwanasha aliwaambia kupitia mlangoni, ilikuwa inajipanga upya. Dakika tisa. Bado inajipanga. Midomo ya Bi Mejumaa ilikuwa inasoma bila sauti. Dakika kumi na moja, ndani wakasikia sauti ya mwanamume wa mbali, iliyonyooka kama ya redio: "Mtahiniwa, tafadhali onyesha kitambulisho chako kwenye kamera."

Bi Mejumaa alifungua kinywa apige kigelegele. Thoya akaweka kidole mdomoni. Kigelegele kikarudi tumboni mwake, kikamtikisa mwili mzima.

Kilichofuata ni saa mbili ambazo mtaa ule hautazisahau. Bi Mejumaa alitoka na kazi mpya. Alikwenda nyumba ya kulia, akaomba redio ipunguzwe. Nyumba ya kushoto, akaomba wapunguze kutwanga. Jogoo aliyepanda juu ya ukuta akafukuzwa kwa kandambili, kimya kimya, kwa ishara tu. "Simu zenu zizimeni milio," aliwanong'oneza kina mama waliokuja kuulizia masufuria yao. "Milio tu! Minara msiiguse! Naapa, sitaki kusikia mtu amegusa mnara!"

Mercy alipofika, ameshika waya mikono yote miwili na mwingine shingoni, alikuwa ameanza kuita tangu kona. "Thoya! Nimepata tatu! Na ya nne ni..." Bi Mejumaa akamdaka mdomo kwa kiganja.

"Yumo," alimwambia sikioni.

Mercy alikaa chini pale pale, waya na yote, akalia kidogo kwa furaha.

Thoya alikula. Aliahidi sahani mbili, akala mbili, na ya tatu aliwekewa bila kuulizwa. Alikuwa amefikia kwenye kiazi cha mwisho sauti ya Mwanasha ilipopanda ndani. Sehemu ya kuandika ilikuwa imekwisha. Sasa ilibaki ile ya kufundisha: dakika kumi mbele ya kamera, kama vile wanafunzi wapo. Walisikia akivuta pumzi. Kisha ikatoka sauti nyingine kabisa, ile ya miaka kumi na mmoja, angavu, yenye mikono miwili iliyofunguliwa.

"Haya, watoto wangu wazuri! Kitendawili!"

"Tega!" Bi Mejumaa aliitikia.

Ilimtoka kabla hajajua. Tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kulisikia neno lile akakaa kimya. Alijiziba kinywa kwa pembe ya leso, macho yamemtoka. Mercy alifumba yake. Thoya alisimamisha kijiko hewani.

Ndani, yule mtu wa Nairobi akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha redio hata kidogo.

"Nasikia darasa lako limejaa, mwalimu," alisema. "Endelea nalo."

Sauti ya Mwanasha ilitetemeka, kisha ikasimama imara. "Vizuri sana, yule wa nyuma! Kuku wangu ametagia mwibani!"

Bi Mejumaa alijua. Alilijua jibu tangu hajang'oa meno ya utoto, likamkaa shavuni kama peremende ya moto. Alimtazama Thoya kwa macho ya kuomba. Thoya akatikisa kichwa: ngoja.

"Nungunungu?" Mercy alinong'ona.

"Nawapa nafasi ya kufikiri," Mwanasha alikuwa anasema ndani. "Tunda gani limekaa katikati ya majani yenye miiba? Yule wa nyuma, simama utuambie."

"Nanasi!" Bi Mejumaa alisimama kweli. Nyuma yake, kutoka nyumba ya kulia ambako redio ilikuwa imepunguzwa, na ya kushoto ambako kinu kilikuwa kimesimama, sauti nyingine tano au sita zikasema, "Nanasi!"

Saa kumi na dakika kumi Mwanasha alifungua mlango. Alisimama kizingitini, mtandio umemwangukia mabegani, akawatazama wote. Kisha akainua mikono miwili. Basi kile kigelegele kilichokuwa kimezuiwa tangu saa nane kikatoka, kikachukuliwa na nyumba ya kulia, kikachukuliwa na ya kushoto, jogoo akarudi ukutani akaunga mkono. Thoya alifungua daftari, akaandika mstari mmoja chini ya mingine: *Kabla ya yote, omba ruhusa uvue kitambaa.*

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Bi Mejumaa alifika mwenyewe kibandani, kifurushi kichwani. Alikishusha juu ya meza, katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo, akakifungua. Ilikuwa ile kompyuta. Nguo yake ilikuwa mpya, leso nyingine, ya zambarau, na mbele kabisa palikuwa na kitundu kilichodariziwa ukingoni kwa uzi mweupe, nadhifu kama tundu la kifungo cha kanzu. Ndani ya tundu kile kidude cha mnara kilionekana chote, na kijitaa chake cha buluu.

"Nimekitobolea dirisha," alisema.

"Nakiona, mama. Kazi nzuri. Kwani imeharibika tena?"

"Haijaharibika. Nimekuletea uone tu." Alijaribu kuonekana kama mtu asiye na habari yoyote. Hakuweza. "Amefaulu."

"Alhamdulillah!" Thoya alisema, maana ndilo neno lililokuwa karibu. "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko darasani. Sasa si msaidizi tena, hana ruhusa ya kutoka ovyo." Alitoa bakuli kutoka chini ya kitambaa, akalifunua, mvuke wa biriani ukapanda kati yao. Akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono.

"Haya, kula," alisema. "Leo hakuna anayekukimbiza."